Ripoti ya Kitanda cha Sita

Naliaka, kaa kwanza. Vua koti, lina maji.
Wadi imelala sasa hivi tu, baada ya kukesha
na mvua ya ziwa ikigonga mabati kama mtu anayedai deni.
Kitanda cha kwanza hadi cha tano, soma daftarini.
Cha sita sikukiandika chote.
Mistari ya fomu ni mifupi.

Ogweno, fundi wa redio pale Kibuye,
yule aliyeletwa Jumatatu kwa mkokoteni
mikono imefungwa kamba ya katani,
nyuma yake watoto, nyuma ya watoto kicheko.
Kamba niliifungua. Alama bado zipo, zipake mafuta.
Usimwulize nani alimfunga. Ni kaka yake,
na kaka yake alikuwa akilia.

Anasema sauti zinatoka kwenye balbu.
Msikilize vizuri, kuna ufundi ndani yake:
miaka kumi na tisa amefungua redio za watu,
anajua sauti haiji hivi hivi tu,
lazima iwe na waya, iwe na wimbi, iwe na mahali.
Basi anatafuta mahali.
Saa saba usiku alipanda juu ya kitanda
akitaka kuinyonga balbu ile.
Sikumvuta mguu. Sikuwaita vijana wa nguvu.
Nilizima taa.
Tukabaki gizani, mimi, yeye, na vyura wa mtaroni,
nikamwuliza, "Bado zinasema?"
"Zinasema."
"Zinasema nini?"
"Zinamtaja marehemu baba, halafu mimi. Kama orodha."

Chuoni walitufundisha: usibishane, usikubali.
Hawakutuambia kati ya hayo mawili
pana upana wa unyayo mmoja tu.
Nikasema, "Mimi sizisikii, Ogweno.
Lakini naona unazisikia, na naona zimekuchosha."
Akashuka. Akaketi.
Akaniomba bisibisi.

Bisibisi sikumpa, usinitazame hivyo.
Nilimpa redio yangu, iliyokufa tangu Pasaka,
ambayo wiki nzima naibeba mkobani niitafutie fundi,
pamoja na kijiko cha uji.
Mikono yake inatetemeka, ni dawa zetu hizo
(hilo mwambie daktari mapema, na shingo imeanza kukaza),
lakini mpini wa kijiko ulipogusa skrubu
vidole vilikumbuka.
Wekulo wa getini akatukopesha betri za kurunzi,
akalinda lango gizani, akinung'unika kidogo tu.

Saa kumi na moja kasoro, redio ikakohoa.
Matangazo ya vifo. Bibi mmoja wa Seme,
mazishi Jumamosi, wakwe wa Alego waarifiwe.
Ogweno akanigeukia, macho hayapepesi:
"Hiyo. Na wewe umeisikia?"
"Hiyo nimeisikia."
"Yote?"
"Seme. Jumamosi. Wakwe wa Alego."
Akacheka, Naliaka. Kwa tangazo la msiba!
Akacheka kama mtu aliyepotea usiku
akasikia lugha ya kwao upande wa pili wa ua.

Sisemi amepona. Zile nyingine bado zipo,
amenionyesha kwa kidole zilipokaa.
Sindano ya mwezi haipo stoo, nimeandika barua ya tatu.
Mama yake anakuja leo kutoka Nyahera,
atauliza ni nani aliyemtupia mwanawe jambo hili.
Mpe kiti kabla ya jibu.
Na Ogweno hajala tangu jana mchana,
anaiogopa chai yetu.
Sukari vijiko viwili. Onja wewe kwanza, mbele yake,
akuone koo likimeza.

Redio nimeiacha pale mtoni, kando ya sikio lake.
Ikipiga kelele, ipunguze.
Usiizime.